Swichi ya Kukataa

Jumapili, Machi 2
Hotelini, ghorofa ya juu kabisa

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu imechukuliwa. Zimechukuliwa zote, zetu sisi wa chama cha marubani na zao wale wa kampuni, zikafungiwa kwenye sanduku la bati, na ufunguo anauvaa msuluhishi shingoni kama mama mwenye duka. Mwaka jana kila tulilosema mezani asubuhi lilikuwa limewafikia marubani wote kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo safari hii hakuna simu mpaka mkataba utiwe saini au mazungumzo yavunjike. Barua za familia ni ruksa, lakini anazisoma yeye kwanza, zinazotoka na zinazoingia, na ukigusa ya mezani anafuta kwa wino. Kwa hiyo msalimie. Ana miwani na hacheki.

Zako mpe Shangazi anapokuja huku na ndege, dereva wa wahudumu atanifikishia. Mpe bahasha tu, usimpe na maneno. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote, ni mhudumu wa ndege tu, lakini anavyotugombeza humo ndani ya ndege utadhani alitulea, na neno likimwingia sikioni halikai.

Chumba changu kinatazama ukuta wa kufulia nguo. Tunakokutana kuna meza ndefu, majagi ya maji, na mwanasheria wa kampuni anayemenya machungwa kutwa nzima, ganda moja refu halikatiki, akimaliza ndipo anasema hapana.

Sivunji sheria nikisema lile lililobandikwa ukutani ofisini kwenu. Nyie kumi na wawili mnaruka zamu za majaribio, safari nyingi na mapumziko mafupi. Mkisema zinabebeka, mishahara inapanda na zamu hizo zinakuwa sheria kwa kila rubani. Mkisema hazibebeki, tunabaki na mapumziko ya zamani na mishahara ya zamani. Jina lako kwenye hao kumi na wawili nililiandika mimi. Unajua kwa nini.

Niandikie unavyolala. Unavyokula pia, lakini zaidi unavyolala. Wenzangu wameniaga kwa kusema nikirudi mikono mitupu nisikanyage kantini, watanimwagia chai. Walikuwa wanatania, nadhani.

Mwambie Mama kiuno changu kinaendelea vizuri.

Kaka yako,
mfungwa wa kwenye zulia


Jumatano, Machi 5
Nyumbani, meza ya jikoni

Kaka, na wewe msuluhishi mwenye miwani, shikamooni wote wawili,

Nalala kama mtoto aliyeogeshwa. Nikirudi natupa mkoba mlangoni na sijui kinachoendelea tena, Mama ndiye anayenivua viatu. Jana nilitia chumvi kwenye chai nikanywa nusu kikombe ndipo nikagundua, Mama akacheka, halafu akaacha kucheka akanitazama. Unamjua. Ukipiga chafya mara mbili anataka kuita daktari.

Eti najua kwa nini uliniandika. Kaka, ningekosaje kujua? Uliuza pikipiki yako ili mimi nikasomee kuruka, ukawa unakwenda kazini kwa miguu, ukifika na viatu vyekundu kwa vumbi huku wenzako wakikuuliza kama unalima. Sijasahau. Halafu niwe mimi wa kukurudisha nyumbani mikono mitupu? Labda uzaliwe mdogo wangu. Isitoshe mwanamke ni mimi peke yangu kati ya hao kumi na wawili, na kuna watu wanasubiri kwa hamu nipige miayo ya kwanza ili waseme walijua.

Kapteni wangu ni Polepole. Tunaelewana. Anaongea kidogo kidogo hivyo hivyo, neno moja tukipaa na lingine tukitua.

Nikuchekeshe. Juzi tuko juu, jua la saa nane linatupiga usoni, raha mustarehe, mara kengele ya dharura ya mlango ikalia. Shangazi kabonyeza namba za mlango wetu bila sababu. Si unajua ule mlango, ukibonyeza namba unalia ndani, na wa ndani asipokataa, baada ya kitambo unafunguka wenyewe? Nikabonyeza swichi ya kukataa. Nikamkatalia! Akabaki nje na trei yake ya kahawa kama mtu aliyefukuzwa harusini. Tulipotua alinifuata na kidole mpaka kwenye gari. Polepole alicheka, na wewe unajua Polepole hacheki.

Kula vizuri. Usikubali machungwa ya yule bwana.

Mdogo wako,
rubani msaidizi wa chumvi


Ijumaa, Machi 7
Hotelini

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa mwenzangu wa chamani ninayekaa naye chumba kimoja. Kwa Shangazi na trei tulicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilikuwa sijacheka tangu nifike.

Lakini umenijibu haraka mno. Nilikuuliza unavyolala, si kama unalala. Nakujua tangu ukiwa na meno mawili, na hujawahi kunikatalia kitu. Nilikutuma dukani mvua ikinyesha, ukaenda. Nilikwambia shika ngazi nikiwa juu ya bati, ukaishika mpaka mikono ikakufa ganzi, na hukusema, mpaka niliposhuka mwenyewe nikakuta unalia kimya kimya. Nilikupiga kofi siku ile kwa hofu. Unakumbuka?

(Mstari mmoja hapa umefutwa kwa wino mweusi.)

Alhamisi ijayo ni siku yangu nzito. Niandikie kabla yake.

Huku watu wamechoka kwa namna yao. Hatuinui kitu kizito kuliko kalamu, lakini jana mwenzangu alimkaripia mhudumu wa hoteli kwa sababu ya kijiko, halafu akamwomba radhi machozi yakimlengalenga. Mwanasheria naye anamenya tu. Ameanza kunigawia vipande, na juzi nilikula kimoja. Nilijichukia.

Kaka yako


Jumapili, Machi 9
Nyumbani

Kaka,

Ngazi nakumbuka. Kofi pia, na lile andazi ulilonipa baada ya kofi.

Mstari wako mmoja umefutwa. Nimeinua karatasi kwenye taa, nikaigeuza, sikuona kitu. Nadhani ulikuwa unanishukuru, na kwa mkuu yule mwenye miwani hata shukrani ni siri ya meza. Basi usijali, imefika.

Huniamini kwamba nalala? Haya. Nalala nikifika nyumbani, nalala kwenye gari la kututoa uwanjani, leo nimelala kwenye kiti cha msusi akanisuka kichwa kizima sijui. Mtu anayelala hivyo ana shida gani ya usingizi? Wenzangu kumi na mmoja nao wanasema hakuna tatizo. Tukikutana koridoni tunaulizana, vipi, safi, vipi, safi, kila mtu na miwani yake ya jua hata ndani ya jengo. Tumependeza kama wacheza sinema.

Alhamisi nenda na moyo mweupe. Sina neno. Zinabebeka, Kaka. Andika hivyo kama wanakuuliza.

Mama anataka kuongeza lake. Nimempa kalamu.

Mdogo wako

Mwanangu, mimi mzima. Mdogo wako siku hizi amekuwa mpole sana. Hagombi, habishi, namuuliza kitu ananitazama. Amekaa hapa pembeni yangu sasa hivi. Rudi. Mama.


Alhamisi, Machi 13
Hotelini

Mdogo wangu,

Tumetia saini. Sasa naweza kuandika bila wino wa mtu. Simu tutarudishiwa Jumamosi asubuhi baada ya kupiga picha na wakubwa, hiyo ilikuwa hila ya mwisho ya msuluhishi, anataka magazeti yapate habari kutoka kwake. Hii nampa Shangazi mwenyewe, leo yuko huku.

Mshahara umepanda kuliko tulivyotarajia. Zamu za majaribio ni sheria sasa, kwa kila rubani, kwa miaka minne, kuanzia Jumamosi hii. Na kitu kimoja kingine walikidai dakika za mwisho. Zamani rubani akisema nimechoka, siruki, haulizwi, anakwenda kulala. Sasa atasimama mbele ya kamati aeleze. Nilikizuia hicho kipengele tangu asubuhi mpaka jioni. Nikakiachia.

Nikwambie ilivyokuwa. Zililetwa ripoti za wenzako kumi na mmoja, fupi fupi, hakuna tatizo, hakuna tatizo, kama zimeandikwa na mtu mmoja. Sikuziamini hata moja. Wale wanataka nyongeza, nami nawaelewa, wana watoto shuleni. Ndiyo maana nilikuandika wewe. Katika ukoo wetu wote wewe ndiye usiyeweza kudanganya hata kwenye karata. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, mdogo wangu. Hotuba ilikuwa mfukoni. Nilichohitaji ni neno lako moja kwamba hazibebeki, na ningesimama nalo mpaka mazungumzo yavunjike na chai wanimwagie. Ule mstari uliofutwa ulisema hivyo: sema hapana, na mimi nitasimama na hapana yako.

Lakini wewe ulisema zinabebeka. Basi nikaomba ruhusa, nikatoa barua zako, nikaisomea meza nzima. Chumvi, msusi, Shangazi na trei. Walicheka wote. Mwanasheria aliweka chungwa chini akafuta macho. Nikachukua kalamu.

Mama anasema umekuwa mpole. Nimemcheka. Miaka yote analalamika unabisha, leo umeacha, analalamika umeacha.

Nakuja Jumamosi kwa ndege ya saa saba mchana. Mwambie Mama asipike mengi.

Kaka yako,
huru


Jumamosi, Machi 15
Chumba cha mbele, abiria wanapanda

Kaka,

Nimekuona ukitembea kuja kwenye ndege, na begi begani, kiuno ukikishika ukidhani hakuna anayekutazama. Ndege yako ndiyo yangu. Barua hii nampa Shangazi na kumwapisha akupe tukishakuwa juu, si kabla. Ungeipata chini ungepanda huku mbele unishushe, ndege ingebaki, na siku ya kwanza ya mkataba wako gazeti lingeandika mdogo wako ndiye wa kwanza kusimamishwa mbele ya kamati. Sikutaka hilo.

Barua yako ya Alhamisi nimeisoma nikakaa sakafuni. Nilidhani ulinichagua ili nivumilie. Kumbe ulinichagua niseme. Kaka, mbona hukusema kabla hujaondoka nyumbani? Tulikaa meza moja, tukala, ukaniambia tu nimekuandika na ukanikonyeza. Mimi nikadhani nimeelewa.

Shangazi hakukosea siku ile ya trei. Alipiga simu ya ndani, hatukuitika. Akapiga tena. Akabisha mlango kwa mkono. Ndipo akabonyeza namba. Ile kengele ndiyo iliyoniamsha. Polepole alikuwa amelala mdomo wazi, mimi nimelala na kalamu mkononi, na ndege inakwenda yenyewe vizuri tu, jua linawaka. Nilibonyeza swichi ya kukataa kabla sijajua niko wapi, mkono tu ulikwenda. Bwawa la umeme tulikuwa tumelipita zamani, na unajua bwawa likionekana kushoto ndipo tunaanza kushuka. Waongoza ndege walikuwa wanatuita, wanatuita. Polepole aliwaambia redio ilikuwa kwenye masafa mengine. Shangazi nilimpigia magoti chooni kwa wahudumu. Nilimwambia kaka yangu yuko mezani, ukisema utamvunja. Ameshika mdomo wake tangu siku ile, yeye ambaye hawezi.

Na wewe ukawasomea, wakacheka.

Nalala, hilo si uongo. Nalala kila mahali isipokuwa pale ninapotakiwa. Kitandani moyo unakimbia. Jana nimeruka mpaka jioni, leo tumeanza alfajiri, hii ni safari ya nne. Polepole ana hali mbaya kuliko yangu, mkewe amejifungua juzi. Tumekubaliana tuongee njia nzima. Nimemwambia anisimulie mtoto anafananaje, atumie maneno marefu.

Nikikufikisha nyumbani nitasema. Nitakwenda mwenyewe mbele ya hiyo kamati, na wewe utakaa pembeni yangu, na hakuna atakayemcheka mwenzake. Naomba tu tufike.

Wanafunga mlango.

Mdogo wako


Jumamosi, juu, kiti cha nne dirishani
(kwenye mfuko wa karatasi wa kutapikia)

Mdogo wangu,

Nimesoma. Sina hasira na wewe, ondoa hilo kichwani. Mjinga ni mimi. Shangazi nimemtuma apige simu kwenu kila baada ya muda mfupi na asiache, na amwambie Polepole niko tayari kuja kukaa nyuma yenu niwapigie hadithi mpaka tutue. Anasema kwa kanuni mpya za kampuni abiria haruhusiwi mbele hata awe nani, na mimi leo ni abiria. Muulize Polepole. Yeye ndiye kapteni, akisema niingie naingia.

Nijibu. Neno moja linatosha.

Kaka


Jumamosi, mbele
(upande wa pili wa mfuko huo huo)

Niko macho. Polepole nimemwacha afumbe macho kidogo ili asaidie wakati wa kutua, kwa hiyo ruhusa hakuna wa kuitoa. Mtoto anafanana na mama yake, ndiyo yote aliyosema. Jua kali huku. Shangazi ameniletea kahawa. Usije, nikikuona nitalia, na mikono nina kazi nayo. Kunywa maji. Tutaonana chini.

Naimba ule wimbo wa kuhesabu wa Mama. Nimefika pale pa


Jumamosi
(kwenye mgongo wa nakala yangu ya mkataba)

Mdogo wangu,

Mfuko umerudi kwangu hivyo, neno limeishia njiani. Shangazi anasema ulimpa kupitia upenyo wa mlango bila kugeuza uso, akadhani umemaliza. Nimesema labda umeitwa na redio. Nimejiambia hivyo kwa muda.

Huyu mama wa kiti cha pili kutoka kwangu anamlisha mtoto biskuti. Kuna mtu anakoroma. Jua limeingia madirisha yote, ndege imetulia kabisa, ni siku nzuri ya kuruka kuliko zote nilizoziona mwaka huu.

Bwawa limepita kushoto. Nimeliona lote, ukuta wake na maji yake, likaja, likawa chini ya bawa, likaisha. Nimesikiliza injini. Miaka yote hii sijawahi kusikiliza kitu namna hii. Sauti ni ile ile, hatujaanza kushuka.

Shangazi amepiga simu. Amepiga tena. Amebisha kwa mkono, kisha kwa trei, na abiria wa mbele wameanza kutazamana. Nimeinuka. Hakuna aliyenizuia. Tumesimama naye mbele ya mlango, na amebonyeza namba, na kengele inalia huko ndani, naisikia kwa huku nje, nyembamba. Sasa hakuna la kufanya ila kusubiri. Nakuandikia nikiwa nimeegemea mlango kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Huu mlango ulivyotengenezwa unasubiri wa ndani akatae. Asipokataa, utafunguka, na nitaona. Sitaki kuona, mdogo wangu. Nataka mkono wako uende wenyewe kama siku ile, hata kabla hujajua uko wapi, ubonyeze, taa hii hapa mbele yangu iwe nyekundu, niachwe nje na Shangazi na trei, unikatalie mbele ya abiria wote.

Hujawahi kunikatalia kitu. Nikatalie hiki kimoja. Kengele bado inalia na taa haijawa nyekundu.

Ni mimi hapa mlangoni. Kataa.

Kaka yako